Sketi Yenye Ubao Mgongoni

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo bila kuomba radhi. Nimefunga mageti ya chuma kwenye nusu ya majengo kati ya Jeppe na Yeoville hapa Johannesburg, nimeona watu wanavyoiba na wanavyojificha, na mara nyingi ni watu walewale. Shule niliiacha nikiwa darasa la nane. Mwalimu alisema nitaishia kubeba mizigo ya watu sokoni. Leo nina pikapu sita zenye jina langu ubavuni, na mwana wa mwalimu yule ananiita Bosi akitaka nimpunguzie bei. Mteja akifungua mdomo najua kama atalipa. Siku moja nilimkuta mwizi amenaswa ndani ya geti nililolifunga mwenyewe asubuhi ile, nikamwuliza tu kama bawaba zilimsumbua.

Basi mwezi uliopita niliitwa Doornfontein kupima ukuta wa ua mmoja nyuma ya karakana za zamani. Nikashuka garini na tepu mkononi, na harufu ikanipata kabla sijafunga mlango. Ulimbo wa msonobari, ule unaochemshwa na mafuta mpaka unakuwa mweusi kama lami. Nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Vijana wangu wawili wakatazamana.

"Bosi, uko sharp?"

"Chukueni vipimo," nikasema. "Mnalipwa kwa kunitazama?"

Lakini sikuinuka. Harufu ile niliwahi kuitafuta Yeoville nzima nikiwa mtoto, nikinusa wanawake wa watu kama mbwa wa polisi, na nyumba yetu ilikuwa karibu kuvunjika kwa sababu yake.

Wenzangu mliokuwa watoto mjini hapa miaka ile mtakumbuka hali ilivyokuwa. Bendera ilikuwa mpya, watu walikuwa wakikumbatiana kwenye televisheni, na kila mlango kwenye ghorofa yetu ulikuwa na kufuli mbili na komeo. Sisi tulikuwa tumetoka Morogoro, mimi na Mama, kumfuata Baba. Baba alikuwa mwenyeji wa huku; alikimbia akiwa kijana, akawa mpiganaji, akaishi kwetu Morogoro miaka mingi, akamwoa Mama ambaye alikuwa fundi cherehani pale mjini. Mambo yalipobadilika akarudi kwao, halafu akatuita. Kiswahili alikijua vizuri ila alikisema kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno baada ya neno, na alipokwama alisema "eish" akaachia hapo.

Huko Morogoro watoto wengine walikuwa na baba wa kuwafokea. Mimi nilikuwa na picha. Alikuwa akija anakaa kidogo, halafu asubuhi moja hayupo. Hapa Johannesburg ndipo nilipompata kwa mara ya kwanza mtu mzima mwenye miguu na kikohozi. Kila asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye robot ya kona, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, nikivuka barabara yeye anabaki ng'ambo ameinua mkono, na hakuushusha mpaka nimeingia geti la shule. Wenzangu walinicheka. "Vusi, baba yako anasimamisha ndege?" Niliwapiga, lakini kila asubuhi niligeuka kuhakikisha mkono bado uko juu.

Mkono ule ulitetemeka. Yote miwili. Hakuna aliyelisema jambo hilo nyumbani kwetu. Mama alimmiminia chai nusu kikombe, kikombe kikubwa chai kidogo, na wageni wakija Baba alisema hana kiu. Nilidhani wanaume wote waliokuwa vitani hawapendi chai.

Alipata kazi ya ulinzi wa mchana kwenye kiwanda kimoja cha nguo Doornfontein, Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi ilikuwa yake. Na Jumamosi ndiyo iliyotuletea balaa. Aliamka, akaoga, akakata kucha za vidole vyote kwa makini kama mtu anayekwenda kupeleka posa, akakaa kwenye kiti bila kusema neno, kisha akachukua mfuko wake akatoka kwa miguu. Nauli ya taksi anayo, anaiacha mezani. Anarudi mchana. Ukimwuliza alikuwa wapi anasema, "Huko chini."

Mama alikaa kwenye cherehani yake dirishani akimtazama anavyopotea kona ya mtaa. "Hivi ndivyo alivyokuwa akiondoka," aliniambia siku moja, bila kuacha kukanyaga. "Kule kwetu. Anaoga, anakata kucha, ananyamaza. Kesho yake namwuliza kila mtu, hakuna anayejua. Baada ya miezi nasikia alivuka mpaka na bunduki."

"Lakini vita si vimekwisha, Mama?"

"Nani kakwambia? Redio?"

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa na maelezo mengine. Huyu ni Mama Kapinga, msusi kutoka Lubumbashi, mwanamke aliyejua habari za Yeoville kabla hazijatokea. Alikuja kwetu na kitana kichwani, akakaa juu ya vitambaa vya wateja, akasema, "Mama Vusi, bwana yako anaendaka wapi kila samedi?"

"Kazini."

"Kazi gani ya kukata makucha? Dada, miye natengenezaka vichwa vya banamuke tangu Lubumbashi. Habari yote inapitaka mu nywele. Mwanaume anaoga hivi, anatembea na miguu ili mutu wa taksi asimwone, kuko mwanamuke."

"Hana pesa ya mwanamke."

"Aba! Basi mwanamuke ndiye iko na pesa. Ni mbaya zaidi."

Nilikuwa chini ya meza nikiokota pini. Niliokota pini zote nikazimwaga tena, ili nisikie mpaka mwisho.

Jumapili iliyofuata, Baba akiwa amelala, Mama alifungua ule mfuko. Hakupiga kelele. Aliniita kwa kidole, akafunga mlango wa chumba, akatandaza kitu juu ya meza ya kukatia nguo. Ilikuwa sketi. Nyeusi, nzito, ndefu mpaka chini, yenye marinda makubwa mbele na mengine nyuma, na mikanda ya kufungia iliyokuwa mirefu kuliko meza.

Sasa fundi cherehani si kama wewe na mimi. Wewe ukiona sketi ya mwanamke kwenye mfuko wa mumeo utalia. Mama alichukua futi.

"Shika hapa," aliniambia. Akapima kutoka kiunoni mpaka kwenye pindo, midomo ikihesabu bila sauti. "Mrefu. Ananipita kiganja kizima." Akaikunja mikanda, akaizungusha kiunoni kwake, ikazunguka, ikazunguka tena, ikabaki. Akavuta pumzi. "Na mnene, jamani. Huyu ni mtu na nusu."

Kisha akaifikia sehemu ya nyuma. Pale juu, mahali panapokaa mgongo, palishonewa ndani kitu kigumu, kipana kama kiganja cha mtu mzima. Aligonga kwa kucha. Kikalia kama ubao.

"Cha nini hiki?" nikauliza.

Mama alifikiri muda mrefu, macho yamefinywa, kama alivyofikiri mteja akileta gauni la harusi la marehemu. Halafu akatoa hukumu. "Anaumwa mgongo. Wamemtilia ubao aweze kukaa." Akainamisha uso akanusa kitambaa. "Na anajipaka dawa. Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa harufu kali, tamu kidogo, ya kuingia mpaka kwenye macho. Nilikubaliana naye kabisa. Ndiyo harufu ya mtu anayeumwa mgongo.

Leo mtu angenipa ushahidi kama ule ningemfukuza dukani. Lakini niambieni, ulikosea wapi? Kila kipimo kilikuwa sahihi. Mama alijua mwili wa mtu kwa nguo yake. Alikuwa akishonea wanawake asiowahi kuwaona, kwa kuletewa tu blauzi kuukuu, na zinawakaa. Basi na sisi tukamjua mwanamke wetu: mrefu, mnene, mgonjwa wa mgongo, anayenuka dawa, na pengine ana pesa.

Mama akaikunja sketi kwa mikunjo yake ileile, akairudisha. Akashusha sanduku juu ya kabati, lile tulilokuja nalo, akalifuta vumbi, akaliweka nyuma ya mlango. "Kama ni mwanamke, tunarudi Morogoro," akasema. "Kama ni vita, tunarudi Morogoro. Sitakaa dirishani mara ya pili."

"Na kama si kimojawapo?"

"Mwanaume akinyamaza hivyo, ni kimojawapo. Wewe una miguu. Tafuta."

Nikatafuta. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama ile, na mimi nimefanya kazi. Baada ya shule nilizunguka Yeoville nikipima wanawake kwa macho. Warefu walikuwepo, lakini wembamba. Wanene walikuwepo, lakini migongo yao ilikuwa mizima, wanainua magunia. Nilimpata mmoja tu aliyenijaza matumaini, mama mrefu mpana wa kanisa fulani, anatembea na mkongojo. Nilimfuata kutoka kwenye duka la spaza mpaka kona ya bustani, nikamkaribia kwa nyuma, nikanusa.

Akageuka. "Mfana, ufunani?"

Alitaka kujua ninataka nini, na sikujua nilisemeje kwa Kizulu. Alinipiga na mkoba. Alinuka kafuri. Nilirudi nyumbani nimevimba sikio, na sanduku lilikuwa bado nyuma ya mlango, na Mama alikuwa ametia ndani khanga zake mbili. Kila siku nilipotoka shule nilifungua sanduku kwanza, kabla ya sufuria. Viliongezeka viatu. Iliongezeka picha ya Baba, ile ya zamani. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Mtu habebi picha ya mtu anayemwona kila siku.

Jumamosi ile nikamfuata Baba mwenyewe.

Aliteremka mtaa, akapita Bertrams, akaingia Doornfontein kwa mwendo wa mtu asiye na haraka wala wasiwasi, na hilo likanizidishia wasiwasi. Alipita mlango wa kiwanda chake bila hata kuutazama, akaingia uchochoro, akasukuma geti la bati, akapotea. Geti la hovyo kabisa, bawaba moja, leo ningelifungua kwa kijiko. Tundu la kufuli halikuwa na kufuli. Nikaweka jicho.

Nilimtafuta mwanamke mrefu. Hakuwepo. Palikuwa na ua mrefu wenye nyasi, na mwisho wake tuta la mchanga. Upande wa huku palikuwa na sakafu ya mbao iliyoezekwa bati, na juu yake watu wachache wamepiga magoti: bibi mmoja wa Kizungu mkavu kama ufagio, kijana wa Kihindi mwenye miwani, na mzee niliyemwita Mchina, kwa sababu sisi wakati huo kila aliyetoka huko alikuwa Mchina. Baadaye nilijua ni Mjapani, aliyekuja zamani kuuza vipuri vya mashine akazeekea hapa. Wote wamevaa sketi nyeusi. Wote wana ubao mgongoni. Nikawaza, hii ni hospitali.

Kisha wa mwisho kabisa, aliyekuwa amenipa mgongo, akainuka akageuka. Alikuwa Baba, kwenye sketi.

Nawaambieni ukweli, nilitamani angekuwa na mwanamke. Nilitamani wawe watatu.

Nilibaki pale, jicho tunduni. Walitembea bila kunyanyua nyayo, wakiziburuta polepole kama watu walio ndani ya nyumba ya msiba. Waliinamia ukuta usio na msalaba wala picha. Halafu Baba akapewa upinde, kamba yake imepakwa ulimbo mweusi, na ile harufu ya dawa ikanifikia mpaka getini. Upinde gani! Mrefu kuliko yeye, na uliotengenezwa vibaya, kwani mahali pa kushikia hapakuwa katikati, palikuwa chini, kama fundi alilewa. Mshale wenyewe haukuwa na manyoya. Na mbele yake, juu ya kigoda cha mbao, waliweka robota la majani makavu, limefungwa kamba, karibu naye kiasi kwamba ningeweza kulitemea mate nikalipata.

Akasimama. Akapanua miguu. Akainua upinde juu ya kichwa, akauvuta taratibu huku akiushusha, akakaa hivyo, akakaa, mpaka mimi nikaanza kuumwa mabega. Akaachia. Mshale ukaingia kwenye majani. Akaenda akauchomoa, akarudi, akaanza upya.

Mtu mzima. Aliyevuka mipaka na bunduki. Analenga nyasi zilizo mbele ya pua yake, na yule mzee anamsahihisha kiwiko kwa ncha ya kipepeo cha kujipepea, kana kwamba angeweza kukosa.

Mimi sikudanganyika. Nilijua hapo hapo kuwa kuna kitu wanaficha. Hakuna mtu anayepoteza Jumamosi kwa ajili ya nyasi. Mji huu kila kitu kina mwenyewe na kila mwenyewe ana bei, na pale sikuona mtu akilipa. Nikaamua ni jeshi jipya, jeshi la siri, linaanza na mishale ili majirani wasisikie milio. Lakini jeshi gani lina bibi?

Nilirudi mbio, nikamwambia Mama yote. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Nani alikuwa amevaa sketi?"

"Baba."

"Halafu akafanya nini?"

"Akalenga nyasi."

"Nyasi ziko wapi?"

"Robota. Karibu hivi." Nikaonyesha kutoka cherehani mpaka kitandani.

"Akapata?"

"Mama, hata kipofu angepata."

Uso wake ukakunjamana. "Amekupa randi ngapi useme hivyo?"

"Haki ya Mungu, Mama!"

"Usimtaje Mungu. Mtu aliyepigana na makaburu, leo avae sketi alenge majani? Hata uongo unatungwa, Vusi. Ungesema mpira ningekuelewa. Mwanamke yule amekununua na wewe."

Hilo liliniuma kuliko mkoba. Nimekuwa mkweli mara chache maishani, na ile ya kwanza sikuaminiwa. Pengine ndiyo maana siku hizi sitoi maelezo, natoa bei.

Jumamosi iliyofuata, Baba alipotoka tu, Mama alivaa viatu vya safari. Akajifunga khanga juu ya gauni, akabeba sanduku mkono mmoja na mimi mkono mwingine. Mama Kapinga alisimama mlangoni na kitana chake. "Mukimupata, mumushike nywele kwanza," akatuagiza. Mama akasema tukitoka huko tunakwenda stesheni moja kwa moja. Njia nzima nilikuwa nikiangalia robot zote tulizovuka, nikiwaza nani ataniinulia mkono Morogoro.

Alisukuma geti la bati kwa sanduku. Bawaba ililia vibaya sana. Hakuna aliyegeuka, na hilo likamkasirisha Mama zaidi. "Watu wema wakisikia geti hugeuka," akaninong'oneza. Yule mzee peke yake alituona. Hakushtuka, hakuuliza sisi ni nani. Alitandaza kiganja, tungoje, akatuonyesha benchi. Mama, ambaye alikuwa amekuja kupigana, alikaa. Sijui kwa nini. Alipakata sanduku kama mtu aliye kwenye basi.

Siku hiyo hawakuleta robota. Kwa mbali, kwenye tuta la mchanga, palikuwa na kiduara cheupe cha karatasi kisichozidi upana wa ungo mdogo. Baba alipiga magoti mbele yake, ua mzima katikati yao. Alikuwa bado hajatuona. Akainuka na upinde.

Nilimtazama Mama akimtazama. Kwanza aliitazama sketi. Nikaona midomo yake ikihesabu: urefu, kiuno, marinda. Nikaona anavyopokea hesabu ile ikimkaa mumewe barabara. Kisha macho yake yakapanda kwenye mikono.

Baba alikuwa ameinua upinde juu ya kichwa. Akauvuta. Kamba ikafika nyuma ya sikio, mikono imetanda pande zote mbili, na akakaa hapo. Mikono haikutetemeka. Ncha ya mshale ilikuwa imetulia kana kwamba imeegemezwa kwenye kitu. Mama alinishika goti, akaliminya mpaka nikataka kulia, na hakuliachia. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono ile imetulia. Sidhani kama yeye alikuwa ameiona hivyo tangu ile asubuhi ya kwanza kule Morogoro alipoamka akakuta mumewe hayupo.

Akaachia. Kamba ikalia sauti moja kavu, upinde ukageuka wenyewe mkononi mwake, na mshale ukaenda zake kushoto, mbali kabisa na karatasi, ukajichomeka kwenye mchanga. Amekosa vibaya. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema pole. Na yeye alibaki vilevile, mikono imepanuka, anatazama, kana kwamba mshale bado haujamaliza kwenda. Ndipo akashusha upinde, akainama, akarudi nyuma kwa hatua zake za kuburuta. Alipofika ukingo wa sakafu mikono ilikuwa imeanza tena.

Hapo akatuona. Akaliona sanduku.

"Mama Vusi," akasema.

"Umekosa," Mama akasema.

"Ndiyo."

"Umekosa mbali sana."

"Eish. Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kwamba nakwenda kulenga nyasi?"

Mama alinitupia jicho moja, la haraka. Ndiyo radhi pekee niliyowahi kuipata kuhusu jambo lile, na nimeitunza.

Baba alitafuta maneno, jiwe moja moja. Alisema alikuwa akipita uchochoro ule akitoka kazini, akachungulia, na yule mzee akatoka nje akaiona mikono yake. Hakumwuliza kitu. Alimpa tu kipande cha kamba ashike. "Nikivuta, inatulia," Baba akasema. "Pale tu. Nikiachia, inarudi. Sijui kwa nini. Niliogopa nikikwambia itaacha."

Nilingoja Mama alie, au aseme stesheni. Aliweka sanduku chini. "Geuka," akasema.

"Nini?"

"Geuka nione mgongo. Nani amekushonea uchafu huu?"

"Ya kuazima."

"Rinda hili limepinda. Na hili ubao unalivuta. Umesimama mbele za watu hivi Jumamosi zote hizi, mume wangu mimi, na mjini wananijua kwa mshono?" Akachomoa pini kwenye khanga yake, akapiga goti pale kwenye mbao nyuma ya mumewe, akaanza kunyoosha. Yule bibi wa Kizungu alisogea kuona. Akashika sketi yake mwenyewe, kwa aibu, akageuka ili Mama aone na ya kwake.

Tangu siku hiyo Mama aliwashonea wote, na walimlipa. Sanduku likarudi juu ya kabati. Kuhusu chai, msidhani ilikuwa miujiza. Nusu kikombe iliendelea siku zote za wiki. Ila Jumamosi mchana, Baba akirudi kutoka huko chini, Mama alimmiminia mpaka ukingoni, akamwekea mbele, akarudi kwenye cherehani yake bila kumtazama. Mara nyingine chai ilimwagika. Mara nyingine haikumwagika.

Mama aliridhika, lakini mimi sikuridhika. Siku ileile, wao wakiwa kwenye marinda, nilimfuata yule mzee nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha barabarani: baba yangu analipa kiasi gani? Mzee alinitazama kwa heshima kama mteja mkubwa. "Baadaye," akasema.

Baadaye! Neno hilo nilikuwa nalijua hata katika umri ule. Ndilo neno la muuza samani anayekuja kuchukua kochi lake. Nikakua nikiingoja hesabu yetu. Mtu akigonga mlango nasema ndiyo hii. Mzee alifariki, nikasema sasa warithi wake watakuja. Hawakuja. Baba aliendelea kwenda, akazeeka kwenye sketi ile, na nilipokuwa kijana mwenye pesa zangu za kwanza nilimwambia mara nyingi, "Baba, hakuna cha bure mji huu. Utakuja kushtukia." Akasema, "Yebo, mfana," akakata kucha zake.

Baba tulimzika baridi ya mwaka juzi.

Basi nilipoinuka kwenye ile ndoo ya rangi, nikaingia uani. Lile geti la bati lilikuwa limeondolewa, ndiyo maana waliniita. Mwenye kuniita alitoka na miwani, nywele zimemwota mvi, na alikuwa yule kijana wa Kihindi, Bwana Pillay. Alinitazama uso mara moja akajua mimi ni mtoto wa nani. Sikumpa nafasi ya pole. Nilimwambia nimekuja kulipa. Nilitaja kiasi, na kiasi chenyewe mtu wa hivi hivi hawezi kukitaja, na nilikuwa nacho kwenye simu.

Alicheka kidogo, akanipeleka kwenye kona. Robota lilikuwa pale juu ya kigoda chake, limelegea, katikati lina tundu. "Baba yako alilenga mbali mara ile moja tu, siku mlipokuja," akasema. "Akarudi kwenye majani, akakataa kutoka. Tulimwita, akasema hapa panamtosha. Hili ndilo lake la mwisho."

"Na pesa?"

"Hapa hatuchukui. Kuna desturi moja tu. Anayeliacha robota, akienda kule mbali au akihama, analeta jipya kwa atakayefuata; akifa, watu wake wanamletea. Baba yako hakuliacha akiwa hai, kwa hiyo hakuleta."

"Na atakayefuata ni nani?"

"Hatujui."

"Na kama asipokuja mtu?"

"Huja."

Nilimtazama macho. Nimewatazama hivyo wauza vyuma, askari na madalali, na wote nimewakuta na kitu nyuma ya maneno. Kwake sikukipata, na bado sijaamini kuwa hakipo. Nikaingiza mkono kwenye lile tundu. Uliingia mpaka kifundo. Ndani palikuwa laini, na palinuka ulimbo.

Nilikwenda mwenyewe duka la chakula cha mifugo, sikutuma kijana. Muuzaji aliniambia randi themanini. Nikachagua robota la tano kutoka juu, nikachomeka kidole katikati kuona kama lina unyevu, nikalinyanyua, nikamwonyesha kamba moja iliyolegea, nikamwuliza ananiona mimi nimezaliwa jana. Tukabishana. Akaandika risiti, nikaisoma mara mbili, nikamlipa: randi sabini na nne na senti hamsini.